Jiwe Lililokataa Jina

Kwa miaka kumi na saba Sabina alikuwa amechonga majina ya marehemu katika kibanda chake cha Mkuyuni, kati ya muuza magodoro na fundi redio, na hakuwahi kumwota hata mmoja wao. Kazi aliirithi kwa baba yake. Alijua jiwe lipi hupasuka likipigwa kwa hasira na lipi huvumilia. Alijua wafiwa hubishana zaidi juu ya tarehe kuliko juu ya jina. Na alijua kwamba aliyekufa hana malalamiko. Hilo la mwisho ndilo alilokuja kulitilia shaka.

Kazi ya makaburi ya Gati ilimjia mwezi wa pili. Juu ya gati la zamani, ambalo sasa limebaki nguzo chache zinazokaliwa na ndege aina ya mnandi, kuna mteremko wenye makaburi zaidi ya mia mbili yaliyokuwa yamemezwa na miiba kwa miaka arobaini. Wamelala humo makarani, mabaharia, wafanyabiashara, masista wawili, na watoto wengi kuliko mtu anavyotarajia. Mzee Liaqat, aliyeuza vifaa vya ujenzi mpaka wanawe walipomlazimisha kupumzika, alikuwa na babu yake pale, upande wa juu. Baada ya kustaafu aliunda kamati. Walifyeka, wakainua mawe yaliyoanguka, wakajenga ukuta mfupi na vijia vya kokoto. Jumamosi ya mwisho wa mwezi lango lingefunguliwa, watu wote waingie, wasome, watafute wa kwao.

Sabina alipewa safu ya makuli. Mwaka 1947 tishari lililojaa marobota ya pamba lilipinduka hatua chache kutoka gatini, na makuli tisa wakafa siku moja. Walizikwa pamoja, mstari mmoja, kila mmoja na kipande chake cha jiwe la mlimani. Mvua na jua vilikuwa vimeyafuta majina, lakini Mzee Liaqat alikuwa na nakala ya daftari la mazishi, na aliishika kama mtu anayebeba mayai.

"Fuata daftari, binti," alimwambia. "Herufi kwa herufi. Hawa hawana mwingine wa kuwasemea."

Majina sita ya kwanza yalikwenda vizuri. Jumatatu, saa nne asubuhi, alipiga magoti mbele ya jiwe la saba na kuanza kuchonga: LUHENDE.

Tangu pigo la kwanza sauti haikumpendeza. Mawe tisa yale yalitoka katika mwamba mmoja, hilo lilionekana wazi kwa rangi na chembe zake, lakini la saba liliitika kwa sauti ya chini, kama mlango wa nyumba yenye mtu ndani. Akapiga tena. Pimbi waliokuwa wakiota jua kwenye majabali wakanyamaza, kisha wakaingia mapangoni mmoja mmoja bila haraka. Sabina akajisemea kwamba ni jiwe lenye ufa. Akachonga kwa uangalifu hadi jioni na kuondoka herufi zikiwa na kina cha ukucha wa kidole gumba.

Jumanne asubuhi zilikuwa zimepungua.

Hakukuwa na mtu aliyezijaza, wala hapakuwa na saruji au uchafu wowote. Zilikuwa zimelika kingo, zimekuwa laini, kama herufi zilizonyeshewa miaka hamsini. Alipitisha kidole kwenye majina ya jirani aliyoyachonga wiki iliyopita. Yalikuwa makali, yanakwaruza ngozi. Akarudi la saba: laini kama sabuni iliyotumika.

Akachonga upya, kwa kina zaidi. Jumatano yakawa yale yale.

Mzee Liaqat alipoitwa hakucheka, lakini hakuamini. Alisema jiwe ni bovu. Alisema labda Sabina alikuwa amechoka. Mwisho, kwa kuwa alikuwa mtu wa karatasi, alileta karatasi nyembamba na penseli nene. Sabina alipomaliza kuchonga mara ya tatu, mzee alitandaza karatasi juu ya jiwe, akasugua penseli mpaka jina likatokea jeupe katikati ya weusi. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa koti, akafunga lango kwa kufuli lake mwenyewe na kuondoka na ufunguo.

Alhamisi saa mbili walifungua pamoja. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa, na mbali kule majini vijidudu vya ziwani vilikuwa vimepanda juu kama nguzo ya moshi isiyo na moto. Mzee akatandaza karatasi ya pili, akasugua. Akasugua tena. Kilichotokea kilikuwa kivuli tu, herufi mbili za mwanzo na mkia wa ya mwisho. Aliziweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu juu ya goti lake na kuzitazama kwa muda mrefu.

"Nenda kapumzike, binti," alisema hatimaye. "Nami nitakaa kidogo kwa babu."

Lakini Sabina hakwenda, kwa sababu simu yake iliita.

Wiki hiyo redio ya mjini ilikuwa imeyasoma majina tisa ya makuli, ikawaomba ndugu wajitokeze, na namba iliyotolewa ilikuwa ya Sabina. Mpaka siku hiyo hakuna aliyepiga. Sasa ilikuwa sauti ya mwanamke, ya mtu anayezungumza huku akijificha.

"Samahani dada, naitwa Paskazia, napiga kutoka huku Kamanga. Wewe ndiye fundi wa makaburi?"

"Ni mimi."

"Naomba usinione mwendawazimu. Ni wewe unayegonga?"

Sabina aliitazama nyundo iliyokuwa mkononi mwake.

"Nimetoka kumsikia babu yangu," Paskazia aliendelea. "Anaitwa Venant, ana miaka tisini na tano, akili zake timamu. Tangu Jumatatu saa nne anashika kichwa, anasema kuna mtu anamgonga. Saa saba anatulia. Saa nane kunaanza tena, hadi jioni. Jana redio iliposoma yale majina, likafika Luhende, akasema, 'Huyo ni mimi.' Dada, sisi kwetu hatumjui Luhende. Tangu nizaliwe babu ni Venant."

Kati ya saa saba na saa nane ndipo Sabina alipokuwa akila chakula cha mchana.

"Yuko karibu nawe sasa hivi?"

"Yuko hapa barazani."

"Usimwambie kitu. Sikiliza tu."

Alipiga magoti, akaweka tindo juu ya kile kivuli cha jina, akapiga mara moja.

Kwenye simu, kwa mbali, alisikia mtu mzima akiguna kama aliyechomwa.

Akasubiri. Akapiga mara tatu, taratibu. Na sauti ya kizee, kavu, upande wa pili wa maji, ikahesabu pamoja naye: "Moja. Mbili. Tatu." Halafu ikasema, "Paskazia, mwambie huyo mtu aache. Mwambie nitakuja kusema mwenyewe."

Sabina aliweka nyundo chini kama vile ingeweza kuvunjika.

Ijumaa alivuka kwa kivuko cha asubuhi. Hakutaka mzee wa umri ule asafiri kwa ajili yake. Paskazia, mwanamke wa miaka thelathini hivi mwenye macho ya kukosa usingizi, alimpokea kivukoni na kumpeleka kwa miguu hadi nyumba iliyojitenga, pembeni ya shamba la mihogo. Pande zote mbili kulikuwa na viwanja vyenye misingi mitupu ya nyumba zilizobomolewa.

"Majirani walihama," Paskazia alisema alipoona Sabina anaangalia. "Babu amezika wake wawili na watoto wote watano. Wajukuu pia, wanne. Yeye hajawahi kuumwa hata mafua. Radi ilipiga mti aliokuwa ameuegemea, mti ukafa. Unajua watu wa huku wanavyosema juu ya mzee wa namna hiyo. Wanasema anakula miaka ya wenzake. Walishakuja mara moja na mapanga, akatoka nje akawaambia, 'Karibuni, nawasubiri.' Wakaogopa, wakarudi."

Mzee Venant alikaa kwenye kiti cha mbao, amevaa sweta licha ya jua. Alikuwa mwembamba, ngozi imeshikana na mifupa, lakini meno yake yote yalikuwepo, meupe, na hilo lilimtisha Sabina kuliko makunyanzi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Lete mkono." Aliushika mkono wake wa kulia na kuugeuzageuza. "Ndiyo huu. Una nguvu. Yule fundi wa zamani alichonga kidogokidogo, sikumsikia sana."

Kisha, bila kuombwa, akaeleza. Paskazia alisimama mlangoni, naye alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza.

Alikuwa na miaka kumi na minane, kuli wa gatini, mkataba wa miezi sita. Kila kuli alikuwa na kipande chake, karatasi ya kazi yenye jina, iliyotiwa kwenye kikopo kidogo cha bati na kuvaliwa shingoni. Asiyeonekana kazini akiitwa jina alikamatwa. Rafiki yake mkubwa alikuwa Shimba, wa upande wa Bujora, aliyemaliza mkataba wake wiki ile na alikuwa amefunga mzigo wa kurudi kwa mama yake.

"Mimi nilikuwa na msichana huku Kamanga," mzee alisema. "Nikamwambia Shimba, vaa kipande changu leo tu, itika jina langu, kesho uende zako. Hakutaka. Nikamsihi. Nikamwambia rafiki gani wewe. Akavaa. Siku yangu moja ikawa siku tatu, kwa sababu ya yule msichana. Nikarudi, nikakuta vifusi tisa vya udongo na vibao tisa, mawe yalikuja baadaye. Maiti walikuwa wamekaa majini, samaki walikuwa wamewatangulia, hakuna aliyetambulika kwa uso. Waliwatambua kwa vipande. Mimi sikusoma shule, mjukuu wangu. Nilikuwa najua kusoma neno moja tu duniani, jina langu. Nikalisoma pale."

Kuku alipita kati ya miguu yao.

"Ningeweza kusema. Nilifikiri, nikisema nitafungwa kwa kutoroka kazi. Nikafikiri tena, nisiposema, mkataba umekwisha, hakuna wa kunitafuta. Nikavuka maji nikaoa. Nikabatizwa Venant. Mama yake Shimba alikuja gatini kuuliza. Nilisikia. Alikuja kila msimu wa pamba, anauliza kama kuna aliyemwona mwanawe, mpaka miguu ikamkataa. Sikwenda kwake. Kutoka hapa ni safari ya siku moja, na sikwenda."

"Babu," Paskazia alisema polepole.

"Ngoja. Nilipofika umri wa kufa, nilijua. Mauti anakuja, anasoma orodha yake, anaona Luhende alishachukuliwa, anapita kwangu anaenda kwa wanangu. Nimemsikia akipita, miguu yake, hapo uani, mara tano. Nikawa nangoja mvua iyafute yale maandishi. Yalikuwa yamebaki kidogo sana. Halafu ukaja wewe na mkono wako huu."

Sabina alirudi mjini na kumweleza Mzee Liaqat kila kitu, wakiwa wamekaa kwenye ukuta mpya. Mzee alisikiliza akiwa na daftari mapajani.

"Aliyeandika hapa alikuwepo," alisema. "Mimi na wewe hatukuwepo. Tukianza kubadili majina kwa neno la mtu mmoja, kesho kila mtu atakuja na lake. Haya makaburi yatakuwa ya nani?"

"Aliyeandika hakumwona mtu usoni, mzee. Aliona kikopo."

Mzee Liaqat alifungua daftari penye ukurasa ule, akalifunga. Alitoa zile karatasi mbili mfukoni. Alikuwa bado anatembea nazo.

"Kama ndugu wa huyo Shimba wapo, na wao waseme," alisema. "Hapo nitaandika kwa mkono wangu mwenyewe."

Jumapili walikwenda wote: Sabina, Mzee Liaqat aliyeendesha gari lake taratibu mno, Paskazia na babu yake. Walipita Kisesa, wakaulizia Bujora, wakaelekezwa kutoka nyumba hadi nyumba mpaka kwa mama mmoja aitwaye Kija. Alikuwa na miaka sabini hivi. Mama yake alikuwa dada mdogo wa Shimba. Aliwakaribisha, akawapa viti, na Mzee Venant akasimulia tena yale yale, amesimama, amekataa kukaa.

Kija hakumkatiza. Mzee alipomaliza, Kija alisema, "Kwa hiyo alikuwa mjini tu hapo."

"Ndiyo."

"Bibi alikuwa akimtengea chakula kila jioni. Bakuli lake, kijiko chake. Alipokufa bibi, mama akaendelea, kwa sababu aliahidi. Mama alipokufa nikaendelea mimi. Kwa mtu nisiyewahi kumwona. Niliacha mwaka juzi, na tangu niache sina raha, kila giza likiingia nasikia kama kuna mtu amesimama nje na njaa." Alimtazama mzee. "Na wewe ulikuwa unakula."

Mzee Venant alipiga magoti. Ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Naomba msamaha, mama. Naomba, mayu."

"Wa kukusamehe ni bibi," Kija alisema. "Nilimzika mwenyewe. Sina cha kukupa. Ila jina la mjomba wangu nitakwenda kuliona."

Jumanne wote walikuwa Gati. Sabina alikuwa ameyafuta majina mengi yaliyokosewa herufi, lakini hakuwahi kulifuta jina huku mwenye jina akiwa ameketi hatua mbili pembeni. Aliwasha mashine ya kusagia. Mzee alifumba macho. Vumbi jeupe lilimtua kwenye sweta na kope, naye hakujifuta. Jiwe lilipokuwa tupu, Sabina aliizima mashine, na pakawa kimya, kimya ambacho hata mawimbi hayakukiingilia.

"Babu, unasikia kitu?"

"Sisikii."

Alichora kwa chaki: SHIMBA. Akaweka tindo, akapiga. Jiwe likaitika juu, wazi, kama yale sita ya kwanza. Alipiga ya pili, ya tatu, akimtazama mzee kwa pembe ya jicho. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa kama mtoto anayenyolewa, anasubiri maumivu ambayo hayakuja. Kija alisimama nyuma ya Sabina, akilitamka jina kila herufi ilipokamilika, ingawa herufi zenyewe hakuzijua.

Jumatano asubuhi Sabina alifika kabla ya Mzee Liaqat. Alisogeza kidole kwenye herufi ya kwanza. Ikamkwaruza hadi tone la damu likatoka. Alicheka peke yake makaburini, kwa sauti, kisha akaona aibu.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, Paskazia alimwambia baadaye, babu alikuwa amepiga chafya. Alipiga ya pili, akaamka, akakaa kitandani na kumwita mjukuu wake aje aone. Alikuwa anatetemeka kwa homa na anatabasamu. Alikataa kupelekwa zahanati. Alisema ameingoja homa hiyo miaka mingi na hataki kuifukuza.

Jumamosi lango lilifunguliwa. Walikuja watu wengi kuliko viti vya kamati. Wengine walikuja kwa ajili ya ndugu, wengine kwa ajili ya kutazama ziwa kutoka juu, na kwaya ya parokia iliimba nyimbo nne badala ya mbili. Mzee Liaqat alikuwa ameandika pembeni mwa daftari, kwa wino mweusi, tarehe ya siku ile na maneno "Aliyelala hapa ni Shimba," na alimwonyesha ukurasa ule kila aliyetaka kuuona. Watu walitembea vijiani wakisoma kwa sauti. Sabina alikuwa hajawahi kuyasikia majina aliyoyachonga yakisomwa na watu wengi namna ile kwa mara moja. Yalipanda na kushuka mteremkoni kama mazungumzo sokoni, na mara mbili aligeuka akidhani kuna aliyeitikia. Hakuna mtu aliyekuwa nyuma yake.

Mzee Venant hakuja. Alikufa Alhamisi iliyofuata, saa tano mchana, akiwa ameegemea mto, baada ya kuomba maji na kuyanywa.

Sabina alivuka kwenda mazishini pamoja na Mzee Liaqat. Alitarajia watu wachache. Alikuta uwanja umejaa, hata wale waliobomoa nyumba zao na kuhama walikuwa wamerudi na magunia ya mchele na kuni. Wanaume waliowahi kuja na mapanga ndio waliochimba kaburi. Hawakusema lolote juu ya hilo, na Paskazia hakuwauliza.

Jeneza liliposhushwa, umati ulifunguka upande wa barabara. Kija alikuwa ameshuka kwenye kivuko cha mchana, peke yake, bado na vumbi la safari miguuni. Alipita katikati ya watu hadi ukingoni. Hakuwa analia. Aliinama, akachota udongo kwa mikono miwili, akaushikilia juu ya shimo.

"Luhende," alisema, na wengi pale hawakumjua aliyekuwa anaitwa. "Huko unakokwenda utamkuta Shimba. Mwambie mama yake alikuja kila msimu. Mwambie hivyo kabla hujamwambia jambo lingine lolote."

Akauachia udongo. Akapangusa mikono, akarudi nyuma kati ya wanawake, na baada ya muda akamuuliza aliyekuwa karibu naye kivuko cha mwisho kinaondoka saa ngapi.